Mwandishi Aliyeongoka na Amana ya Wazee: Swali la Kimaadili kutoka Ayalandi hadi Bungoma

1.0 Utangulizi

Mzee wa Kibukusu anapofariki dunia katika mtaa wa Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, jamaa zake hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni la mahali: azikwe pale alipoishi, au asafirishwe hadi kwao Bungoma alikozikwa baba yake? La pili ni la maneno: nani atasema juu yake baada ya maziko, na atasema nini? Swali la kwanza humalizwa kwa fedha na kwa shauri la ukoo. La pili ni gumu zaidi. Katika boma moja huweza kukutana muumini wa Kanisa la Marafiki, Mkatoliki, Mpentekoste na mtu ambaye bado humwaga pombe chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Mhubiri hudai nafasi yake. Wazee nao huuliza kama ataitwa omuswali, yaani mjuzi wa kuswala kumuse, sanaa ya hotuba ambayo Wabukusu huitoa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi, na ambayo ndani yake husimuliwa nasaba, uhamaji wa koo, vita, maneno ya waaguzi na maonyo kwa walio hai.

Tuseme kwamba mtoto mkubwa wa marehemu ni shemasi wa kanisa, na kwamba yeye mwenyewe ameyahifadhi maneno hayo kwa kumsikiliza baba yake. Ameyaacha kama imani, lakini hajayasahau kama maneno. Je, ana haki gani juu yake? Aweza kuyaandika? Aweza kuyapunguza yasiyopatana na ubatizo wake? Au kwa kuongoka kwake amepoteza haki hata ya kuyatamka?

Makala haya yanachunguza swali hilo kama swali la kimaadili kwanza, na la kifasihi pili. Hoja inayotetewa ni kwamba aliyeongoka anaweza kuwa mtunzaji halali wa mapokeo ya imani aliyoiacha, lakini kwa sharti moja zito: ayashike kama amana wala si kama urithi. Ili kuipima hoja hiyo, makala yanatumia mifano miwili iliyo mbali kwa karne na kwa bahari: Ayalandi, ambako watawa wa Kikristo ndio walioziandika hadithi za enzi kabla ya Ukristo, na nchi ya Wabukusu, ambako dini mpya na kalamu viliingia kwa mlango mmoja.

2.0 Mrithi, mwenye amana na mteka nyara

Kiswahili kinatoa maneno matatu yanayoweza kusaidia uchambuzi huu kuliko istilahi nyingi za kigeni. Mali iliyotoka kwa mwingine humfikia mtu kwa njia kadhaa. Ikimfikia kwa urithi, ni yake. Aweza kuiuza, kuibomoa au kuijenga upya, na hakuna wa kumshtaki. Ikimfikia kwa amana, iko mikononi mwake lakini si yake. Haruhusiwi kuitumia kwa manufaa yake, na siku atakapodaiwa sharti airudishe kama alivyoipokea. Ikimfikia kwa nyara, ameipata kwa sababu mwenyewe ameshindwa vitani, na ukimya wa mwenyewe si idhini.

Mapokeo ya wazee huweza kushikwa kwa njia zote tatu. Omuswali anayeamini anachokisema ni mrithi. Akiongeza tukio la jana katika masimulizi ya kale, au akikiacha kisa ambacho hakiwafai wasikilizaji wa siku hiyo, anatenda kwa haki ya mwenye mali. Mtawala wa kikoloni aliyekusanya desturi za wenyeji ili awatawale kwa urahisi alikuwa na nyara mkononi, hata kama aliandika kwa hati nzuri. Aliyeongoka hawezi kudai nafasi ya kwanza bila kujipinga. Kuongoka, kwa maana yake kamili, ni kuukataa urithi mmoja na kuupokea mwingine. Hawezi kusema asubuhi kwamba mizimu ya babu zake haina nguvu juu yake, kisha jioni akadai kuyarekebisha maneno ya mizimu hiyo kwa haki ya mjukuu.

Wapo watakaosema kwamba nafasi pekee iliyomsalia ni ya tatu. Methali ya Kiswahili kwamba mwacha mila ni mtumwa hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, na Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika usomi wa Magharibi, aliwashambulia wasomi wa Kikristo wa Kiafrika, John Mbiti akiwemo, kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani ili iweze kupokelewa katika majumba ya wageni. Shutuma hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, p'Bitek alilaumu kuvisha, yaani kugeuza. Hakuthibitisha kwamba asiyeamini hawezi kushika bila kugeuza. Katikati ya mrithi na mteka nyara bado ipo nafasi ya mwenye amana, na ni nafasi hiyo inayostahili kuchunguzwa.

3.0 Watawa wa Ayalandi

Mwaka 431, kwa mujibu wa Prosper wa Aquitaine, Papa Celestine alimtuma Palladius awe askofu wa kwanza kwa Waayalandi waliomwamini Kristo. Maneno hayo yanaonyesha kwamba waumini walikuwako kisiwani hata kabla ya kuja askofu. Mtakatifu Patrick, ambaye mapokeo humpa heshima yote ya kuigeuza nchi hiyo, alifanya kazi yake katika karne hiyo ya tano. Katika maandishi aliyoyaacha mwenyewe anasimulia kwamba alitekwa Uingereza akiwa na umri wa karibu miaka 16, akachunga mifugo utumwani Ayalandi kwa miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari akiwa mhubiri. Alirudi bila jeshi. Dola ya Kirumi haikuwahi kuitawala Ayalandi, na dini ya Roma iliingia humo bila askari wa Roma. Jambo hili litakuwa na maana kubwa baadaye katika mjadala huu.

Dini mpya ilileta maandishi ya Kilatini, na baada ya muda watawa wakaanza kuandika kwa lugha yao wenyewe. Hapo ndipo swali la amana lilipozuka. Walioweza kuandika walikuwa Wakristo, na waliyoyajua kwa moyo yalikuwa masimulizi ya mashujaa, wafalme na miungu ya wazee wao. Yapo angalau majibu manne waliyoyatoa, na kila moja lina uzito wake wa kimaadili.

Jibu la kwanza ni la unabii. Muirchú, aliyeandika maisha ya Patrick mwishoni mwa karne ya saba, anasimulia kwamba waaguzi wa mfalme Lóegaire walikuwa wametabiri ujio wa mtu kutoka ng'ambo ya bahari, mwenye fimbo iliyopinda, ambaye desturi zake zingeziangusha falme na miungu yao. Kwa njia hii wazee wanaruhusiwa kusema, lakini wanachosema ni kushindwa kwao wenyewe. Wamegeuzwa mashahidi wa upande wa pili.

Jibu la pili ni la mchujo. Utangulizi wa mkusanyiko wa sheria uitwao Senchas Már unasimulia kwamba mshairi Dubthach alimwimbia Patrick sheria zote za kale, na kwamba yale yasiyopingana na neno la Mungu yaliachwa yasimame. Jibu hili linaonekana la haki, na makanisa mengi ya Afrika yamelitoa tangu hapo bila kujua kwamba lina umri mkubwa hivyo. Tatizo lake ni kwamba mshika chekecheke ni mmoja tu. Anayesoma sheria zilizobaki hana njia ya kujua zilizochujwa zilikuwa nini.

Jibu la tatu ni la nasaba. Kitabu kiitwacho Lebor Gabála Érenn, kilichokusanywa katika karne ya 11, kiliwapa Waayalandi asili yao katika kizazi cha Nuhu, kikawapitisha Misri, na kikawapa mama mkuu aliyekuwa binti wa Farao. Miungu ya kale ikapata kiti humo, lakini kwa kushushwa cheo: ikawa kabila moja la wahamiaji miongoni mwa makabila mengine yaliyotwaa kisiwa hicho.

Jibu la nne ndilo linalostahili kutafakariwa zaidi. Katika Kitabu cha Leinster cha karne ya 12 kuna masimulizi marefu ya vita vilivyozushwa na wizi wa fahali, yaitwayo Táin. Baada ya kuyanakili, mwandishi aliandika kwa Kiayalandi baraka kwa kila atakayeyahifadhi kwa uaminifu bila kuyaongezea umbo lingine. Halafu ikafuata, kwa Kilatini, tanbihi inayosema kwamba aliyeiandika hisitoria hii, au tuseme ngano hii, haamini mengi yaliyomo. Mengine anayaona kuwa hila za mashetani, mengine ubunifu wa washairi, na mengine starehe ya wapumbavu. Wahakiki wengi wameichukulia tanbihi hiyo kama kichekesho, au kama woga wa mtawa aliyeogopa mkuu wake. Lakini kwa kipimo cha amana, huyu ni mtunzaji bora kuliko wale watatu waliotangulia. Kutokuamini kwake amekuweka nje ya masimulizi, baada ya neno la mwisho, kwa lugha nyingine. Msomaji anajua mahali wazee wanapoishia na mahali mtawa anapoanzia. Shaka yake haikuzihariri hadithi, nazo hadithi hazikumlazimisha aifiche shaka yake.

4.0 Kalamu na bunduki katika nchi ya Wabukusu

Tofauti ya kwanza kati ya Ayalandi na Bungoma ni mpangilio wa matukio. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza chini ya uongozi wa C. W. Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiafrika, yaliwashinda Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Miaka saba baadaye, mwaka 1902, wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha kituo chao Kaimosi, na kutoka huko kazi yao ikaenea kaskazini hadi kwa Wabukusu. Wamisionari wa Mill Hill na wa madhehebu mengine walipita njia zao. Marafiki ni watu wa amani kwa imani, na haingekuwa haki kuwatwika mauaji ya Chetambe. Hata hivyo, mtoto wa Kibukusu aliyejifunza kusoma alijifunza katika nchi iliyokwisha kushindwa. Kalamu haikuwa bunduki, lakini ilikuja baada yake, na kwa mwenyeji haikuwa rahisi kuzitenganisha.

Tofauti ya pili inahusu msomaji. Mtawa wa Ayalandi aliwaandikia watu wake. Mwafrika wa kwanza aliyesoma katika nchi hii mara nyingi aliulizwa habari za wazee wake na mgeni, kwa kazi ya mgeni. Utafiti wa Günter Wagner uliofanywa miaka ya 1930, na kuchapishwa katika juzuu mbili za mwaka 1949 na 1956, ungali hazina kubwa kuhusu jamii za Kavirondo ya Kaskazini, lakini wenyeji waliojibu maswali yake hawakuwa ndio wasomaji wake. Gideon Were alipochapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967, pamoja na juzuu ya matini za mapokeo simulizi ya Magharibi mwa Kenya, mwenyeji aliyesoma aliweka hadharani maneno ya wazee kwa ajili ya jamii yenyewe na taaluma yake. Kwamba Were alichapisha matini zenyewe, wala si hitimisho lake peke yake, ni jambo lenye maana ya kimaadili. Alimwachia msomaji njia ya kumsahihisha.

Pamoja na tofauti hizo, majibu ya Ayalandi yanajitokeza tena Bungoma kwa namna ya kushangaza. Jibu la unabii lipo. Wasimulizi wa Kibukusu humtaja Mutonyi wa Nabukelembe kuwa omung'osi aliyetabiri ujio wa watu weupe, na mapokeo ya eneo hili yanajua pia utabiri wa nyoka mkubwa, ambaye wasimulizi humfasiri kuwa ni reli. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na aliyeisimulia habari hiyo baada ya mwaka huo alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake. Inapasa kuuliza utabiri huo unasimuliwa na nani na kwa faida ya nani. Kinywani mwa omuswali, Mutonyi ni ushahidi kwamba wazee waliona mbali na hawakushtukizwa. Kinywani mwa mhubiri, Mutonyi yule yule hugeuka mtangulizi aliyemwandalia mmisionari njia, kama waaguzi wa Lóegaire. Maneno ni yale yale, lakini deni limelipwa kwa mtu mwingine.

Jibu la nasaba lipo pia. Mapokeo mengi ya Waluyia, Wabukusu wakiwemo, yanaitaja Misri kuwa chimbuko la safari ya wazee. Wanahistoria wametofautiana: je, ni kumbukumbu ya kweli ya kutoka kaskazini, au ni kivuli cha kitabu cha Kutoka kilichosomwa shuleni? Mfano wa Ayalandi hauamui ubishi huo, lakini unatahadharisha. Watu waliopokea Biblia wakiwa pembezoni mwa dunia iliyosimuliwa humo wameonekana zaidi ya mara moja wakijitafutia nafasi katika kurasa zake, na Misri ni mlango mpana. Mtafiti anayelikuta jina hilo katika simulizi hana haki ya kulifuta kwa kudhani limechomekwa, wala hana haki ya kulichapisha bila kueleza kwamba msimulizi wake alisoma shule ya misheni.

Jibu la mchujo ndilo lililoenea kuliko yote, na huanzia kwenye neno moja moja. Waayalandi walipomhubiri Mungu mpya waliendelea kutumia dia, neno lao la kale. Wabukusu nao hawakulitupa jina la Wele. Lakini Wele wa wazee alikuwa na sifa na jamaa: alikuwako Wele Khakaba, mgawaji wa vyote, na alikuwako Wele mweusi, aliyehusishwa na mabaya. Ubatizo ulimchukua wa kwanza ukampeleka kanisani, na wa pili ukampeleka kwa shetani wa Biblia. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa omung'osi. Akiitwa nabii anapanda daraja na kuketi karibu na Isaya, na akiitwa mchawi anatupwa nje. Katika tafsiri zote mbili, omung'osi mwenyewe, aliyekuwa na kazi yake, miiko yake na namna yake ya kuaminika au kutiliwa shaka na majirani zake, hayupo tena. Tafsiri ni mchujo usioonekana, na kwa hiyo ndio unaohitaji tanbihi kuliko mwingine wowote.

5.0 Elijah Masinde, au mrithi aliyerudi

Yaweza kudaiwa kwamba mjadala huu umesahau njia iliyo wazi zaidi: aliyeongoka arudi. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliifuata njia hiyo. Alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, akatengwa nalo alipooa mke wa pili, na katika miaka ya 1940 akawa kiongozi mashuhuri wa Dini ya Msambwa. Serikali ya kikoloni ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akatoka mwaka 1947, na mwaka huo huo akawakusanya watu Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwezi Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi na kuua watu. Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu, alikokaa kizuizini kwa zaidi ya miaka kumi. Dini yake ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Alifariki mwaka 1987. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo vibarua wa mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, katika ardhi hiyo hiyo ambayo leo Matisi imejengwa pembeni mwa mji wake.

Jina la vuguvugu hili linastahili kusomwa kama matini. Msambwa, kwa Kibukusu kumusambwa, ni mizimu ya wazee pamoja na desturi zinazowaunganisha nao walio hai. Halikuwa jina la mfumo wa imani uliotengana na mambo mengine ya maisha. Dini ni neno la Kiarabu lililofika bara kupitia Kiswahili, na lilikuja likiwa na maana ya kitu kinachoweza kuchaguliwa, kufuatwa na kuachwa. Kuweka maneno hayo mawili pamoja kulikuwa tayari ni kukiri kwamba mambo yamebadilika: msambwa sasa uliweza kuachwa, ndiyo maana ulihitaji kuitwa dini. Masinde alirudi, lakini nyumba aliyoirudia ilikuwa imekwisha kupata mlango mwingine. Jina lake mwenyewe lilikuwa la nabii wa Agano la Kale aliyewapinga makuhani wa mungu mgeni.

Je, ukweli huu unamfanya Masinde kuwa mwenye amana asiye mwaminifu? La hasha. Masinde hakudai kutunza, alidai kurithi, na mrithi ana haki ya kubadili. Zaidi ya hayo, mabadiliko yake aliyalipia kwa mwili wake, Mathari na Lamu. Hapa panajitokeza tofauti ambayo haiwezi kuonekana katika matini peke yake. Anayebadilisha mapokeo huku akiyaishi hubeba matokeo ya mabadiliko hayo. Anayeyabadilisha kwa kalamu, akiwa amekwisha kuhamia kwingine, huwaachia wengine matokeo. Kwa hiyo sharti la kutobadili linamwangukia wa pili kwa uzito ambao haukumwangukia wa kwanza. Aidha, historia ya Masinde inafundisha kwamba kurudi si tiba ya wote. Haiwezekani kumwambia shemasi wa Matisi kwamba sharti aikane imani yake ndipo aruhusiwe kuyataja maneno ya baba yake. Huko kungekuwa kulazimisha dhamiri, kosa lile lile walilotendewa wazee wake.

6.0 Pingamizi la mhakiki wa fasihi simulizi

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya taaluma yenyewe. Amana, litasema, hudai kurudisha kitu kama kilivyopokewa, lakini fasihi simulizi haina kitu cha namna hiyo. Kila onyesho ni jipya. Kumuse iliyoswaliwa na Manguliechi, aliyekuwa mashuhuri katika sanaa hii na ambaye maonyesho yake yamerekodiwa na kufanyiwa utafiti wa kitaaluma, haikuwa nakala ya nyingine iliyoandikwa mahali fulani. Kama omuswali anabadilisha kila mara, kwa nini shemasi alaumiwe kwa kupunguza?

Jibu liko katika mazingira ya utendaji. Omuswali hubadilisha mbele ya watu wanaojua. Wamo wazee wa koo anazozitaja, na akikosea nasaba anaweza kupingwa papo hapo au kudharauliwa baadaye. Hadhira ni mahakama yake. Mwandishi hubadilisha akiwa peke yake, na akimaliza, kitabu chake huenda kwa wasomaji wasiojua kilichokuwapo kabla. Kwa hiyo, kinachodaiwa na amana ya mapokeo simulizi si neno kwa neno. Ni kwamba mabadiliko yasifichwe kwa wenye haki ya kuyapinga. Mwandishi hana hadhira ya wazee, na badala yake anapaswa kuweka tanbihi: nimepokea kwa nani, mahali gani, nimeacha nini, na ni lipi nisiloliamini.

Pwani ya Waswahili inatoa ushahidi wa nyongeza. Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 unanasibishwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mji ule ule ambao Masinde angefungiwa miaka 35 baadaye. Kijumwa alikuwa Mwislamu, fundi wa kunakili miswada, na alifanya kazi pia na wamisionari na wataalamu wa Kizungu. Liyongo aliyemwandika ni shujaa wa gungu, wa ngoma na wa nguvu zipitazo za binadamu, ambaye hauawi ila kwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Wataalamu wamebishana sana kuhusu zama zake na dini yake. Kwa mjadala huu inatosha kwamba siri ya sindano imebaki katika utendi wa Kijumwa, bila kugeuzwa fumbo la mafunzo ya dini yoyote. Mchaji aliweza kuuacha muujiza usio wake usimame.

7.0 Hitimisho

Shemasi wa Matisi, basi, afanye nini? Kwa mujibu wa hoja iliyojengwa hapa, haki ya kuyapunguza maneno ya kumuse hana. Aliiacha pale alipouacha urithi. Wajibu wa kuyatamka kana kwamba anayaamini pia hana, kwa sababu amana haidai imani. Anachoweza kufanya, na ambacho dini yake haimkatazi, ni kumwachia omuswali saa yake kamili bila kumwekea orodha ya yasiyosemwa, kisha yeye mwenyewe asimame kwa wakati wake na kusema anachoamini. Akiyaandika maneno ya baba yake, ayaandike pamoja na yale yanayomhukumu yeye, na shaka yake aiweke mwishoni, mahali ambapo mjukuu ataweza kuiona na kuitenganisha.

Suluhisho hili lina gharama. Mchungaji huenda akakasirika, na baadhi ya wazee huenda wakaona kwamba kutaja shaka hadharani ni kumvunjia marehemu heshima. Halitawaridhisha pia wanaotaka mapokeo yabaki mikononi mwa waaminio tu. Lakini katika nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia waaminio wa namna hiyo wamebaki wachache, na wengi wao ni wazee. Wakisubiriwa warithi peke yao, maneno mengi yatazikwa pamoja na wanaoyajua.

Hoja hii inaihusu taaluma ya fasihi kwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi wa shahada ya juu anayeteremka kutoka chuo kikuu na kinasasauti mkononi kwenda kurekodi kumuse au nyimbo za tohara, katika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa kawaida ni mtu aliyeongoka. Kama hakuongokea kanisani, ameongokea chuoni, na nadharia aliyoibeba ina chekecheke lake pia. Akiandika tasnifu atapenda kuyaacha yasiyoingia katika sura zake. Inafaa idara zinazopokea kazi za namna hiyo zidai, pamoja na uchambuzi, matini kamili iliyonakiliwa kwa lugha yake, jina la aliyeitoa iwapo ameridhia kutajwa, na maelezo ya kila kilichoachwa. Mtoaji naye apewe nakala, kwa kuwa ndiye, au watoto wake, watakaokuja kuidai.